Jicho la Fundi wa Paa

Upepo mkali ukishapita, macho ya kila mtu huenda kwenye mapaa yaliyoezuliwa. Fundi aliyekomaa huyakazia macho yale yaliyobaki. Hapo ndipo ulipo ufundi ninaousifu: kulisoma paa lililosimama na kujua kama kweli limepona.

Pwani ya Tanzania haipigwi na vimbunga mara kwa mara, kwa kuwa iko karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauzipi dhoruba nguvu ya kutosha kujiviringa. Lakini huja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuharibu mashamba ya mikarafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikatua Mafia. Na hata pasipo kimbunga, kila masika ina siku yake ya upepo wa kung'oa bati.

Ukimwita fundi wa namna hii kesho yake, usishangae akichelewa kupanda. Kwanza hutazama kama kuna waya wa umeme uliogusa bati. Ukiwepo, hakuna atakayesogea mpaka umeme ukatwe. Kisha huizunguka nyumba akiwa mbali nayo, akiufuata kwa macho mstari wa kofia, pale pande mbili za paa zinapokutana. Mstari ukibonyea mahali, kenchi chini yake imesogea. Halafu hukagua pembe na kingo. Upepo unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mvuto huo huwa mkali zaidi pembeni, ukingoni na kwenye kofia. Huko ndiko misumari huanza kulegea.

Hatua ya pili ni ndani ya dari, mchana, taa zikiwa zimezimwa. Fundi hukaa kimya mpaka macho yazoee giza, na kila tundu hujitangaza lenyewe kwa nukta ya mwanga. Akiona doa la maji, hatoboi hapo akadhani amefika. Maji yakiingia hutambaa juu ya mbao, yakadondokea mbali na mlango wao, kwa hiyo hulifuata doa kuelekea juu, hatua kwa hatua, akipapasa unyevu. Papi, yaani mbao zinazoshikilia bati, huzigonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza, kama mnunuzi anavyoitikisa nazi sikioni: mbao nzima huitika, iliyooza hunyamaza.

Ndipo hupanda, bati likiwa kavu na jua halijakolea, akikanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi ya kumbeba. Huinama kwenye msumari mmoja na kupitisha ukucha chini ya kichwa chake. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, maji yapite bondeni bila kuugusa, na mpira mdogo chini ya kichwa huziba tundu. Usiku kucha upepo umekuwa ukiliinua bati na kulishusha, na kila mara msumari umekuwa ukilipanua tundu lake kwenye mbao. Kwa mtu aliye chini unaonekana uko palepale. Ukucha ukipita, msumari umekwisha kazi.

"Fundi, mbona hapo hapavuji?" mama mwenye nyumba huuliza.

"Bado, mama. Msumari umeshaachia."

Fundi wa papara angeugongelea urudi ndani. Huyu anajua kwamba tundu lililopanuka halishiki tena. Huung'oa, hulipaka tundu silikoni, kisha hupiga mwingine kando, kwenye mbao nzima isiyochoka, au hutia skrubu ndefu zaidi. Akimaliza huomba maji, naye huyamwaga kuanzia chini akipanda, safu kwa safu, mwenzake akiwa darini. Angeanzia juu, maji yangelowesha paa zima na asingejua ni safu ipi iliyovuja.

Kwenye makuti kanuni haibadiliki, ila vidole ndivyo hutangulia. Fundi huvuta kamba moja baada ya nyingine pale kuti linapofungwa kwenye fito. Iliyolegea huifunga upya, hata kama kuti lake bado limelala vizuri.

Kinachonisikitisha ni jinsi tunavyomlipa. Akiezeka upya, bei hujadiliwa na hutolewa. Akikagua kwa muda wa saa tatu akabadilisha misumari michache, husikia, "Lakini fundi, umepanda tu ukaangalia." Kuangalia huko ndiko kazi yenyewe. Misumari hiyo michache ya pembeni ndiyo inayoamua kama upepo ujao utapata pa kuingiza mkono, na bati la kwanza likiinuka huyafungulia njia mengine yote. Alipwe kwa jicho lake kama anavyolipwa kwa nyundo yake, tena aitwe kabla ya masika, wakati kosa bado ni la msumari mmoja.