Sifa za Mizani

Enzi za mwanakemia Antoine Lavoisier, Paris, walikuwapo wasomi walioshikilia kwamba maji yakichemshwa sana hugeuka udongo. Ushahidi wao ulikuwa unga unaobaki ndani ya chombo. Lavoisier hakubishana nao. Mwaka 1768 alichukua chombo cha kioo ambacho mvuke wake hupoa na kutiririka tena chini, akakipima kitupu, akakipima kikiwa na maji, akakiziba na kukiweka juu ya moto mdogo kwa siku 101. Alipokipima tena, uzito wa jumla haukuwa umebadilika. Akamimina maji, akapima kioo peke yake: kimepungua, kwa kiasi kinachokaribiana na uzito wa ule unga. Basi ni kioo kilicholika, si maji yaliyogeuka.

Kazi hiyo ya kupima ndiyo ninayoisifu. Inataka subira, na inataka moyo wa kukubali jibu lolote litakalotoka. Kabla yake wanakemia walikuwa na mizani pia, lakini yeye ndiye aliyeifanya kuwa hakimu: kilichoingia chomboni lazima kilingane na kilichotoka, hata hewa isiyoonekana.

Mizani za kuaminika hivyo zilikuwa ghali. Mafundi Fortin na Mégnié walimtengenezea kwa usahihi wa ajabu, na sifa ya kemia mpya ni yao pia. Fedha zilitoka Ferme générale, kampuni ya matajiri waliomkusanyia mfalme kodi za chumvi na tumbaku, na raia waliichukia mno. Lavoisier alijiunga nayo mwaka huohuo wa 1768. Siwezi kumsifu kwa hilo. Chumvi ya maskini ilichangia kulipia maabara yake.

Mkewe, Marie-Anne, aliolewa mwaka 1771 akiwa na miaka 13. Alijifunza kuchora kwa mchoraji David, akaandika matokeo ya majaribio, na michoro 13 ya vyombo katika kitabu cha mumewe cha 1789 ni kazi ya mkono wake.

Tarehe 8 Mei 1794 Mapinduzi ya Ufaransa yalimkata kichwa Lavoisier pamoja na baba mkwe wake na wakusanya kodi wenzao. Marie-Anne naye alifungwa, mali ikachukuliwa. Alipoachiwa alipigania vitabu na vyombo vya mumewe mpaka akarudishiwa. Vingi vimehifadhiwa Paris, katika Musée des Arts et Métiers. Ukijaliwa kufika mji ule, nenda ukazitazame mizani zile.