Kambi ya Ruvu na Siri ya Timu Zake

Atakaye kufahamu ni kwa namna gani Mlandizi, mji mdogo wa Kibaha ulio kando ya barabara iendayo Morogoro, ulipata kukaa katika Ligi Kuu ya soka ya Tanzania miongoni mwa miji iliyouzidi kwa mali na kwa wingi wa watu, asianzie uwanja wa Mabatini bali kambini. Maana Jeshi la Kujenga Taifa, lililoasisiwa mwaka 1963, ndilo lililozilea Ruvu Shooting na JKT Ruvu, mfano wa vyuo vikuu vya Marekani vinavyowapa wachezaji wao malazi, chakula na mwalimu wa mazoezi, wasishughulishwe na riziki ya kesho.

Faida ya malezi hayo ilidhihirika zaidi katika ulinzi. Mabeki walalao pamoja, waamkao saa ile ile na kukimbia njia moja alfajiri, hupata maelewano ambayo klabu yenye kusajili upya kila msimu haiyapati kwa fedha. Na pumzi zao, nionavyo mimi, ndizo zilizoiwezesha Ruvu Shooting kustahimili mashambulizi dakika tisini na kuridhika na bao moja. Ndivyo ilivyoifunga Yanga 1-0 Agosti 2019, kwa bao la Sadat Mohamed, na ndivyo ilivyoifunga Simba 1-0 Oktoba 2020, kwa bao la Fully Maganga, ilhali Simba hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa mara tatu mfululizo. Lakini mtindo huo wataka bao la kwanza lisiingie mapema, kwani timu iliyozoea kungoja hutaabika mno ikilazimika kufuata: mwaka 2014 Yanga iliipachika mabao 7 bila jibu.

Taabu nyingine ilikuwa ya muundo. Chemchemi moja ya vijana ilinywesha timu mbili za Ruvu, na zaidi ya hizo Mgambo ya Tanga na Oljoro ya Arusha, hata ikawa nadra zote kustawi kwa wakati mmoja: Ruvu Shooting ilishuka daraja 2015, ikarejea mwaka uliofuata, JKT Ruvu ikashuka 2017, kisha ikapanda kwa jina la JKT Tanzania.

Hatimaye ilikuja fedha. Mkataba wa Azam wa haki za matangazo ya ligi, wa mwaka 2021, wa miaka kumi na wa zaidi ya shilingi bilioni 225, ulizinufaisha klabu zote, walakini ulizipa nguvu zaidi zile zilizokuwa tayari na wafadhili na mashabiki, nazo zikaleta wachezaji kutoka nje, wakati timu ya jeshi, kwa desturi yake ninayoiheshimu kwa dhati, ilibaki na Watanzania watupu. Nidhamu ya kambi, iliyotosha kuziba pengo la zamani, haikutosha kuziba hili jipya, na msimu wa 2022/23 Ruvu Shooting ikashuka pamoja na Polisi Tanzania.