Kilima cha Buyofwe na wadandiaji wa treni ya mizigo

Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, ikikaribia saa sita, treni ya mizigo iliyokuwa ikitoka Luena kwenda Tenke iliacha reli karibu na kijiji cha Buyofwe, eneo la Lubudi, jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilikuwa na mabehewa 15, na 12 kati ya hayo yalikuwa matupu. Saba yalitumbukia korongoni. Hesabu ya kwanza ilikuwa maiti 60. Baadaye serikali ikatangaza 75 na majeruhi 125. Shirika la reli la taifa, SNCC, lilieleza kwamba treni ile haikuwa ya abiria na waliokuwamo walidandia tu.

Ni kweli walidandia. Lakini tarehe 12 Novemba 2017, karibu na Buyofwe hapo hapo, treni yenye matangi 13 ya mafuta iliyokuwa ikitoka Lubumbashi kwenda Luena ilishindwa kilima, ikaangukia korongoni na kuwaka moto. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao wadandiaji vilevile. Mahali pakiua mara mbili ndani ya miaka mitano, kumlaumu aliyepanda hakutoshi. Tutazame jinsi treni inavyopanda kilima.

Tuchukue mfano wa mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 80. Treni ya tani 900 hapo inavutwa kurudi nyuma kwa nguvu ya tani 11 hivi, mbali na msuguano wa magurudumu yenyewe. Kichwa cha treni hakina cha kung'ang'ania isipokuwa uzito wake juu ya magurudumu yake, chuma kwa chuma. Reli ikilowa, mshiko unaweza kupungua hadi nusu, magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Novemba na Machi ni miezi ya mvua katika ukanda huu wa Katanga. Hilo peke yake halithibitishi chanzo cha ajali hizo, ila linaonyesha ni wakati gani wa mwaka kilima kama hicho hakitaki mzaha.

Treni ikikwama mlimani, kinachobaki ni breki, na breki ya treni ni hewa. Kichwa hujaza bomba linalopita chini ya mabehewa yote, na kila behewa hujiwekea akiba ya hewa katika tangi lake dogo. Presha ikishuka bombani, akiba hiyo husukuma vibao vya breki dhidi ya magurudumu. Utaratibu huu ni mzuri sana mradi mipira inayounganisha bomba kati ya behewa na behewa isivuje. Kwenye mabehewa makuukuu huvuja, na treni iliyosimama muda mrefu huishiwa breki kidogo kidogo, mpaka mtu ashuke kufunga breki za mkono behewa moja baada ya jingine au kuweka vigingi. Tena kila ungio lina valvu. Mdandiaji aliyekanyaga pale gizani, akitafuta pa kuweka mguu, anaweza kuifunga bila kujua, na mabehewa yote ya nyuma yakawa hayamsikii tena dereva.

Na mdandiaji mwenyewe? Uzito wake hauisumbui injini: watu 200 ni kama tani 12 tu. Tatizo ni mahali alipokaa. Akiwa juu ya paa, njia hii ina waya wa umeme wa volti 25,000, teknolojia iliyoanza kati ya Likasi na Tenke mwaka 1952 na kusambazwa baadaye. Umeme wa kiasi hicho hausubiri kuguswa; kuusogelea kunatosha. Kwenye behewa lisilo na paa hana cha kushika treni inapotikisika. Behewa likipinduka, mzigo unakuwa juu yake. Na reli zetu zina upana wa milimita 1,067 tu, kwa hiyo kila kilo iliyo juu kabisa ya behewa huongeza uwezekano wa kuyumba kwenye kona.

Haya yote wanaosafiri wanayajua, walau kwa macho. Wanapanda kwa sababu treni ya abiria haipo au haijulikani itakuja lini, na barabara ya Luena wakati wa masika ni matope. Anayepeleka mahindi, makaa au samaki wa kukaushwa sokoni hawezi kusubiri mradi wa barabara ukamilike. Njia hii ilifika Bukama mwaka 1918. Vijiji vingi vimeizunguka na kuishi kwayo. Kuwafukuza watu stesheni hakuondoi safari, kunawasukuma tu kupandia mbali zaidi, treni ikiwa mwendoni.

Mauritania kuna treni ya madini inayovuka Sahara kutoka Zouérat hadi Nouadhibou, kilomita 704, yenye mabehewa zaidi ya 200. Watu wamekuwa wakisafiri juu ya mawe ya chuma, ndani ya mabehewa yenye kuta ndefu, katika nchi tambarare isiyo na waya juu ya reli. Hata hivyo, kampuni yao ya madini ilifunga pia behewa la abiria kwenye treni hiyo. Sisi tuna vilima, makorongo na umeme, na ndio tuliowaacha watu juu ya mabehewa.

Mwishoni mwa 2023 shaba ya majaribio kutoka mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ilifika bandari ya Lobito kwa reli, zaidi ya kilomita 1,700. Januari 2024 kampuni ya Lobito Atlantic Railway ilianza kuendesha upande wa Angola kwa mkataba wa miaka 30. Fedha za reli zinazungumziwa sana sasa, na Tenke ndipo njia ya Lobito inapokutana na ile ya Luena. Ombi langu kwa SNCC, kwa serikali ya jimbo na kwa wafadhili ni dogo: kila treni ya mizigo kati ya Luena na Tenke ifungiwe mabehewa mawili ya abiria yenye breki zilizokaguliwa, nauli iwe ndogo, na treni yoyote isianze kupanda Buyofwe kabla breki hazijapimwa behewa kwa behewa. Hayo yanaweza kuanza kabla ya masika yajayo.