Kabla Hawajatua

Mpunga ukishatoa masuke na punje zikaanza kutia maziwa, mkulima wa Mbarali hana tena usingizi wa asubuhi. Majaruba ambayo wiki chache nyuma yalidai maji na palizi tu, sasa yanadai mtu. Tena si mtu wa kupita jioni kuchungulia. Ni mtu wa kukaa shambani tangu alfajiri hadi giza liingie, kwa muda unaokaribia mwezi mzima, mpaka mundu uanze kazi. Huko ndiko kuamia ndege. Katika shughuli zote za mpunga hakuna inayodharauliwa kama hiyo. Huachiwa bibi, vibarua na watoto. Kwa maoni yangu, hakuna inayoizidi kwa ufundi.

Adui mwenyewe ni mdogo. Kweleakwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku hula mbegu kiasi cha gramu 10, yaani nusu ya uzito wake. Ukimkuta peke yake kwenye unyasi, na kile kimdomo chake chekundu, utamwonea huruma. Tatizo ni kwamba hatembei peke yake. Wataalamu wanamtaja kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani, na kundi la milioni 2 linaweza kumaliza tani 20 za nafaka kwa siku moja. Chakula chake hasa ni mbegu za nyasi. Mbegu hizo zikiisha, au mvua ikanyesha zikaota, ndipo anapogeukia mtama, uwele, ngano na mpunga. Mahindi yanamshinda kwa ukubwa wa punje.

Mama niliyemkuta juu ya dungu, umri wake ni wa mama yangu mkubwa. Dungu lilikuwa la nguzo nne, sakafu ya fito na turubai kuukuu kwa juu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Macho yalikuwa kwenye mstari wa miti ng'ambo ya mfereji. "Panda, mwanangu," akasema, "ila usinizibe upande ule."

Kombeo lake, ambalo wengine huliita teo, lilisokotwa kwa katani na lilikwisha kuwa jeusi kwa matope na jasho. Katikati lina kitako kipana kilichosukwa, cha kubebea donge, na kila upande kamba ya urefu wa mkono. Kamba moja inaishia kwenye kitanzi kinachovikwa kidole cha kati. Nyingine inaishia kwenye kishungi cha nyuzi zilizoachwa wazi, nacho hubanwa kwa dole gumba na kidole cha shahada. Unazungusha mara moja, au mbili ukizidisha, kisha unaachia kishungi. Donge linaondoka, na kishungi kinapojinyoosha hewani kinatoa mlio wa mjeledi. Mlio huo ni nusu ya silaha. Kundi lilipokuwa dogo, mama alizungusha kombeo tupu, likalia, na ndege wakakata kona.

Donge ni la mfinyanzi wa humohumo jarubani. Jiwe hatumii. Jiwe likibaki shambani litakuja kukutana na mundu au jembe la trekta, na likipaa sana linaweza kumfikia mtu kwenye dungu la jirani. Udongo hufinyangwa madonge yenye ukubwa wa limau, kisha huachwa kivulini yakauke nje na kubaki na unyevu ndani. Likiwa bichi mno, donge hung'ang'ania kwenye kitako na kuangukia miguuni pako. Likikauka kupita kiasi, linafika zima na kutumbukia majini bila ndege kushtuka. Lililoiva linapasuka likigusa masuke, au hata kabla, na vipande vinatawanyika na kuchakarisha majani mahali kumi kwa mpigo. Mama alikuwa anayabonyeza kwa kidole gumba kabla ya kuyachagua, bila kuyaangalia.

Kulenga ndiko kunakomkwamisha anayejifunza. Mtoto mwenye manati anamlenga ndege. Anayeamia halengi ndege hata mmoja. Kundi likija, analenga mbele yake, juu kidogo ya masuke, pale lilipokusudia kutua, ili wa mbele washtuke wainuke na wa nyuma wawafuate. Ukirusha nyuma ya kundi, umelisukumia ndani ya mpunga wako mwenyewe. Na ukichelewa likatua, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Waliokwisha kutua hawaondoki kwa donge moja. Wanaruka hatua chache, wanazama tena majanini na kuendelea. Kundi linalokula husogea kwa kujiviringisha: wa nyuma wakikuta masuke matupu hupaa juu ya wenzao na kutua mbele, nao wakiachwa nyuma hufanya vivyo hivyo. Uwanja mzima unatembea, na wewe bado unatafuta donge la pili.

Kwa hiyo jicho linatangulia mkono. Kabla ya kundi kubwa huonekana wachache, wanatua kwenye mti au kwenye tuta, wanashuka, wanaonja. Mama aliwashughulikia hao kwa ukali kuliko nilivyotarajia. Nilidhani anapoteza madonge kwa ndege sita. Wakila kwa amani hao, alinieleza, dakika chache baadaye utaona moshi unapanda nyuma ya miti, na huo moshi ni ndege.

Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa wanatoka malaloni, kwenye matete na migunga, wakiwa na njaa ya usiku. Mchana hupumzika kivulini karibu na maji. Saa kumi alasiri wanaanza tena. Katikati hapo mama hula, hufinyanga madonge, hurekebisha kombeo, huku akiwatupia jicho mnana wanaokuja wawili watatu na ambao kelele haiwatishi sana. Kamba za makopo na tepu za kaseti zinazovuma kwenye upepo zinasaidia siku za mwanzo. Sanamu lenye koti nalo lilikuwepo, na mnana mmoja alikuwa amekaa begani kwake.

Ndege waliofukuzwa hapa hawarudi porini. Wanakwenda kwa jirani. Ndiyo maana madungu huitana. Sauti inapokelewa kutoka shamba hadi shamba, na kila mmoja anajua kundi liko wapi kabla hajaliona. Jaruba moja lisilo na mtu huwa mgahawa wa ukanda mzima. Vilevile aliyepanda mapema mno, au aliyechelewa, mpunga wake ukakomaa peke yake, huwakaribisha ndege wote yeye. Na hapa pana jambo linaloniudhi: pesa ya kibarua ikikosekana, anayepandishwa dunguni ni mtoto aliyetakiwa kuwa darasani.

Uingereza nako wakulima wana vita vyao na njiwa pori, ndege wa karibu nusu kilo anayeshambulia njegere na mimea ya mafuta. Mwindaji wa huko hujificha nyuma ya wavu, hupanga njiwa wa bandia kwa umbo la kiatu cha farasi, huacha nafasi katikati, na njiwa hai anapokuja kutua kwenye nafasi hiyo hupigwa risasi. Ni ufundi, siukatai. Ila yeye anamwita ndege aje. Huku, risasi moja ina thamani kubwa kuliko kweleakwelea wote itakaowaangusha, na ndege aliyefika karibu kiasi cha kupigwa amekwisha kuchelewa kufukuzwa.

Serikali hupambana nao malaloni, jioni, kwa kupulizia sumu ya fenthion. Shirika la kudhibiti nzige wa jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1962, limekuwa likitoa ndege za kazi hiyo, na siku hizi droni zimeingia. Sumu hiyo inaua wengi, pamoja na mwewe na wengine wanaookota mizoga. Kondoa kuna watu wanaowatega kwa nyavu na kuwala, jambo ambalo naliona la busara zaidi. Lakini malalo lazima kwanza yajulikane yalipo, na mpaka hapo asubuhi ya kesho bado inahitaji mtu juu ya dungu.

Jioni, kabla ya kuondoka, mama alizunguka matuta akikagua. Suke lenye punje huinama. Lililonyonywa husimama wima, na ukilishika linaacha alama nyeupe ya maziwa kidoleni. Alikuta machache upande wa kaskazini, karibu na mfereji. Akahamishia robo tatu ya madonge upande huo, akayafunika kwa gunia yasikauke, akamwambia mjukuu wake kwamba kesho wataanzia pale, na kwamba atamwachia kombeo akiona anarusha mapema.