Moto Haukuhitajika kwenye Kidani Kile

Mliotazama video ya kidani cha shanga za kimondo mnajua nazungumzia dakika gani. Shanga zilikuwa za Muonionalusta, chuma cha kaskazini mwa Sweden, zimetobolewa polepole kwa keekee na mafuta, zikapigwa msasa na kutiwa tindikali ya naitriki hadi michirizi ya Widmanstätten ikajitokeza safi. Kazi nzuri. Kisha fundi akapitisha mrija wa fedha kwenye kila tundu, akaweka kikombe kila upande, akapaka boraksi na kuvilehemu vikombe kwenye mrija huku ushanga ukiwa katikati.

Hapo ndipo alipokiharibu.

Lehemu ngumu ya fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto mia saba na ushei. Kabla haijatiririka, uso wa chuma umeshashika oksidi, na tuliuona ukigeuka samawati, halafu kijivu kizito, michirizi ikafifia. Michirizi ile ni mipaka ya aloi mbili za chuma na nikeli, kamasiti na taeniti, zilizotengana wakati kimondo kikipoa kwa mamilioni ya miaka. Moto ukikolea na kukaa, mpangilio wenyewe huvurugika, na hakuna tanuri litakaloutengeneza upya.

Akaongeza kosa juu ya kosa kwa kuzitumbukiza shanga kwenye tindikali ya kusafishia fedha, ile ya kila siku iliyokwisha kujaa shaba. Mwanafunzi wa usonara hukatazwa tangu wiki ya kwanza kutia koleo la chuma humo, maana shaba hutoka kwenye maji na kuivaa fedha. Huyu alitia shanga nzima za chuma! Ule wekundu kwenye kingo za vikombe, aliousugua upesi kwa brashi, ulikuwa shaba. Na unyevu uliobaki kati ya mrija na tundu haufikiwi tena na kitambaa wala mafuta. Kutu itaanzia humo humo.

Vikombe vingelehemiwa peke yake, vikaoshwa na kukauka. Ushanga ungepakwa nta, pini ya fedha ikapita kwenye tundu, na ncha zake zikagongwa kwa nyundo ndogo. Basi. Hakuna moto unaoukaribia ushanga.

Wapo wanaomtetea fundi huyu kwa hoja kwamba Widmanstätten mwenyewe, ambaye michirizi inaitwa kwa jina lake, Vienna mwaka 1808, aliiona michirizi kwa kupasha moto chuma cha kimondo. Ni kweli, lakini yeye alikuwa akichunguza, hakuwa akitengeneza pambo la kuvaliwa kwenye ngozi yenye jasho. Na kwa haki, jina hilo lingekuwa la Thomson, aliyeiona michirizi Naples na kuandika habari zake mwaka 1804, alipokuwa akiondoa kutu kwenye kimondo kwa tindikali ya naitriki. Nimelisema hili mara nyingi na sitaliacha.

Mafundi walioheshimu chuma hiki walikuwepo zamani. Shanga 9 za Gerzeh, Misri, zilifukuliwa mwaka 1911 na zina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba aliyezitengeneza alikifua chuma cha kimondo kwa uangalifu mpaka kikawa bati jembamba, kisha akalikunja kuwa mirija. Hakuwa na keekee ya umeme wala kitabu cha metali. Alijua chuma kigumu chenye nikeli kinavumilia nyundo kiasi gani, akaishia hapo, akazitunga shanga pamoja na dhahabu na vito.

Wa kwetu alipoona weusi umemshinda akafunika kila kitu kwa rodiamu. Sijawahi kuikubali rodiamu juu ya kimondo, na hapa imetumika kuficha. Mnunuzi amepewa cheti kinachosema shanga ni za Muonionalusta. Kiongezwe mstari mmoja: zilipigwa moto baada ya kutiwa tindikali.