Mitupo 28: Tadbiri ya Villanova Katika Fainali ya 1985

Tarehe 1 Aprili 1985, katika ukumbi wa Rupp Arena mjini Lexington, jimbo la Kentucky, Chuo Kikuu cha Villanova kiliishinda Georgetown kwa pointi 66 kwa 64, kikatwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani. Na tangu usiku ule mechi hiyo imekuwa ikisimuliwa kama jambo lililoteremka ghafla pasipo mkono wa mtu, kwa kuwa washindi walitupa mpira kikapuni mara 28 tu katika dakika 40, na katika mitupo hiyo 28 wakafunga 22. Hesabu hiyo, takriban asilimia 79, haijapata kufikiwa na timu nyingine katika fainali, na ni haki yake kustaajabiwa. Walakini mimi nimeitazama mechi hii mara nyingi, kwa mapenzi na kwa makini, na kila nilivyozidi kuitazama ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ajabu yenyewe haikuwa katika mikono iliyolenga, bali katika akili iliyoamua ni mtupo upi utupwe na upi uachwe.

Yafaa kwanza ijulikane Georgetown ilikuwa nani. Walikuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia, waliofika Lexington wakiwa wameshinda mechi 35 na kushindwa 2, chini ya kocha John Thompson, ambaye katika 1984 alikuwa kocha Mweusi wa kwanza kuutwaa ubingwa huo. Katikati yao alisimama Patrick Ewing, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, mwenye kimo cha mita 2 na sentimita 13. Wasomaji waliopata kumwona Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa mara 2 kuwa mlinzi bora wa Big East, ligi ileile ya Georgetown, alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, wanafahamu jinsi mtu mrefu aliyesimama chini ya kikapu anavyoharibu hata mitupo asiyoigusa, maana anayetupa humfikiria yeye kabla ya kulifikiria lengo. Ewing alikuwa wa namna hiyo, na zaidi ya hiyo. Na mbele yake walikuwapo walinzi wepesi wenye pumzi isiyokwisha, waliomkabili mpinzani tangu mpira unaporushwa kuingizwa uwanjani. Siku 2 kabla ya fainali walikuwa wameivunja St. John's kwa 77 kwa 59, na nyota wake Chris Mullin wakambakishia pointi 8.

Villanova, chuo cha mapadri wa Kiagostino kilicho kando ya mji wa Philadelphia, kiliingia katika mashindano kikiwa kimepangwa nafasi ya 8 katika kanda yake. Ule ulikuwa mwaka wa kwanza mashindano kupanuliwa yakafikia timu 64, na mpaka leo hakuna bingwa aliyeanzia chini kuliko nafasi hiyo. Lakini mpangilio huo huficha jambo la maana sana kwa mchambuzi. Timu hizi zilikuwa za ligi moja, na msimu uleule zilikwisha kukutana mara 2: Georgetown ikashinda kwa 52 kwa 50 katika dakika za nyongeza, kisha kwa 57 kwa 50. Ed Pinckney, Dwayne McClain na Gary McLain wa Villanova walikuwa katika mwaka wao wa mwisho chuoni, kama alivyokuwa Ewing mwenyewe; walikuwa wamepambana naye kwa miaka 4, wakijua anaruka lini, anageukia upande gani, na hofu inayowapata wageni wanapomwona kwa mara ya kwanza wao ilikwisha kuwatoka zamani. Kushindwa kwa pointi 2 na kwa pointi 7 ni hasara, lakini pia ni elimu.

Sasa tuingie katika kiini cha tadbiri, nacho ni wakati. Katika mashindano ya 1985 hapakuwa na saa ya kumlazimisha mshambuliaji kutupa. Timu iliyoupata mpira iliweza kuushikilia, kuupitisha mkono hata mkono na kuurudisha nyuma tena, kwa muda wote ambao iliweza kuukinga usinyang'anywe. Kocha Rollie Massimino aliitumia ruhusa hiyo tangu mchezo wa kwanza. Villanova iliishinda Dayton kwa 51 kwa 49, katika uwanja wa Dayton wenyewe. Ikaishinda Michigan kwa 59 kwa 55, Maryland kwa 46 kwa 43, North Carolina kwa 56 kwa 44, na katika nusu fainali Memphis State kwa 52 kwa 45. Atazamaye namba hizo kwa haraka huona timu dhaifu iliyobahatika mara 5 mfululizo. Atazamaye kwa utulivu huona kwamba hakuna hata mpinzani mmoja aliyevuka pointi 55, na kwamba kila mchezo ulichezwa kwa kadiri aliyoitaka Massimino, hata na wale waliozoea kukimbia.

Faida ya kupunguza idadi ya mashambulizi si ya kupumzisha miguu tu. Ni ya kihesabu. Shilingi ikirushwa mara 1,000, kichwa na mwenge hukaribia kulingana, na hakuna wa kushangaa. Ikirushwa mara 10, kichwa chaweza kutokea mara 8. Vivyo hivyo timu iliyo bora, ikipewa nafasi nyingi za kushambulia, ubora wake hudhihirika. Ikipewa chache, bahati na busara hupata mlango wa kupitia. Georgetown ilitupa mara 53 na kufunga 29, kiwango ambacho siku nyingine yoyote kingeitosha kushinda. Villanova ilitupa kama nusu ya hapo. Lau mchezo ule ungekuwa na mashambulizi mengi zaidi, sina shaka asilimia ile ingeshuka, na pamoja nayo ubingwa.

Lakini uchache peke yake hauelezi 22 katika 28. Timu nyingi zimecheza polepole na zikakosa polepole. Linaloeleza ni uteuzi. Tazama wagawaji wa mitupo hiyo: Pinckney alitupa mara 7 akafunga 5, McClain 7 akafunga 5, Harold Pressley 6 akafunga 4, Harold Jensen 5 akafunga zote, na McLain 3 akafunga zote. Hakuna mtu mwingine aliyefunga hata pointi 1. Hapana mmoja aliyejitwalia mchezo mikononi mwake, na hapana mmoja aliyeachwa pembeni kiasi cha walinzi kumsahau. Pinckney, mfupi kuliko Ewing, hakukubali kupambana naye mgongo kwa kifua chini ya kikapu. Alimvuta nje kidogo, akamgeukia uso kwa uso, akamdanganya kwa bega, kisha akapita ubavuni. Jensen, mwanafunzi wa mwaka wa 2 aliyetokea benchi, alisimama pale mlinzi wake alipoondoka kwenda kumsaidia mwenzake, akangoja. Kila mmoja alitupa mahali pake alipozoea kutupia katika mazoezi, na mahali hapo palipozibwa mpira ulirudishwa nyuma na kazi ikaanza upya, mara ya pili, mara ya tatu, bila haya na bila haraka. Kipindi cha pili kizima walitupa mara 10 tu, wakafunga 9.

Ingekuwa dhuluma kwa Georgetown kusema kwamba ukabaji wao ulishindwa. Villanova ilipoteza mpira mara 17, idadi ambayo ukiilinganisha na mitupo 28 utaona jinsi njia ilivyokuwa ngumu kabla ya kufika mbele. Ila ukabaji wa uwanja mzima una bei yake, na hapa ndipo wachambuzi wengi hupita bila kusimama. Walinzi 2 wanapomzingira mwenye mpira, popote pengine uwanjani washambuliaji 4 wanakabiliwa na walinzi 3; asiponyang'anywa mpira, akaweza kuutoa kwa pasi ya kwanza iliyo salama, wenzake hukuta nafasi pana na kikapu kisicho na ulinzi kamili. Kazi hiyo ilimwangukia McLain, na aliifanya kwa moyo mkubwa: alinyang'anywa, akakosea, lakini hakuacha kuinua kichwa kumtafuta mwenzake aliye huru. Kwa hiyo mashambulizi ya Villanova yaligawanyika mafungu mawili yasiyofanana kabisa, moja la mipira iliyopotea bila mtupo, la pili la mitupo iliyo rahisi. Na kwa kuwa asilimia huhesabu mitupo peke yake, fungu la kwanza halikuonekana ndani yake. Huo ndio ufafanuzi wa sehemu kubwa ya ile asilimia 79.

Upande wa ulinzi, Massimino hakubaki na umbo moja. Vijana wake waliweza kuanza wakiwa wamepangwa kwa kanda, kisha mpira ulipopita mkono wa pili kila mmoja akamkaba mtu aliyeingia katika eneo lake, na shambulizi lililofuata wakageuza tena, hata mchezeshaji wa Georgetown akalazimika kusoma upya kila alipovuka mstari wa kati. Muradi mkubwa ulikuwa kumnyima Ewing mpira karibu na kikapu, akizungukwa mbele na nyuma. Alipata pointi 14, si haba, lakini si za kuutawala mchezo; aliyeongoza kwa upande wao alikuwa David Wingate, kwa pointi 16. Ulinzi huo haukuizuia Georgetown kufunga, maana walifunga zaidi ya nusu ya mitupo yao. Uliwafanya wafunge kutoka mbali, wakitupa juu ya ulinzi badala ya kuupasua. Na atupaye kutoka mbali ni nadra kufanyiwa faulo.

Hapo tunafika kwenye mizani yenyewe, ambayo naona ajabu kwamba husahaulika. Kwa vikapu vya kawaida Georgetown ilipata pointi 58 na Villanova 44. Mstari wa pointi 3 ulikuwa haujaletwa bado. Yaani timu iliyotupa kwa usahihi usio na kifani ilikuwa nyuma kwa pointi 14. Mechi iliamuliwa na mitupo huru: Villanova ilipewa 27 ikafunga 22, Georgetown ikapewa 8 ikafunga 6. Tofauti ya pointi 16 upande huu iliizidi tofauti ya pointi 14 upande ule, na kilichobaki ni zile pointi 2 za ushindi. Anayeisifu Villanova kwa kulenga vizuri anasifu nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ilifanywa na wale walioukimbilia mwili wa mlinzi kwa hiyari yao, na kwa nidhamu ya kukaba bila kugusa upande wa pili wa uwanja.

Mapumziko waliyaendea wakiongoza 29 kwa 28, baada ya kuushikilia mpira kwa muda mrefu na Pressley kufunga kikapu cha mwisho. Kipindi cha pili uongozi ulipita huku na huku. Georgetown ilipokuwa mbele kwa 54 kwa 53, dakika zikiwa zimebaki chache, nayo ikataka kuonja dawa ya mwenzake: ikatawanya wachezaji wake na kuushikilia mpira. Sioni kosa katika nia hiyo, maana kanuni iliruhusu na ubao ulishawishi. Lakini wao walikuwa watu wa kukimbiza, na utulivu wa aina ile hufunzwa msimu mzima, hauazimwi kwa dakika moja. Pasi ikawaponyoka. Villanova ikautwaa mpira, ikauzungusha bila pupa huku uwanja mzima ukiwa umesimama, mpaka zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 36 Jensen akajikuta huru upande wa kulia, kiasi cha mita 5 kutoka kikapuni, akatupa na kufunga. Ikawa 55 kwa 54. Tangu hapo Villanova haikufunga kikapu kingine cha kawaida. Pointi zake 11 zilizobaki zote zilitoka kwenye mstari wa mitupo huru, huku Georgetown ikilazimika kuwafanyia faulo ili kusimamisha saa. Sekunde chache zikiwa zimebaki Michael Jackson aliifungia Georgetown kikapu kilichoifikisha pointi 64, na Jensen alipouingiza mpira uwanjani aliyeupokea alikuwa McClain, aliyekwisha kuanguka sakafuni, akaukumbatia hapohapo alipolala mpaka saa ikaisha. Pinckney akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano.

Msimu uliofuata, wa 1985 hadi 1986, vyuo vyote viliwekewa saa ya sekunde 45, na mwaka mmoja baadaye ukaja mstari wa pointi 3. Saa hiyo ikapunguzwa ikawa sekunde 35, kisha 30. Kwa hiyo wako wasemao kwamba ushindi wa Villanova ulikuwa mtoto wa kanuni iliyokwisha kufa, na kwamba bila ya ruhusa ya kungoja hapangekuwa na uteuzi wa kujivunia. Hoja hiyo ina uzito, nami nimekwisha kukiri kwamba uchache wa mashambulizi uliwafaa. Ila yako majibu, na yalitoka chuo kilekile. Mwaka 2016 Jay Wright, aliyepata kuwa msaidizi wa Massimino, aliiongoza Villanova katika nusu fainali mjini Houston dhidi ya Oklahoma, saa ya sekunde 30 ikiwahimiza na mstari wa pointi 3 ukiwa wazi mbele yao. Walitupa mara 49, wakafunga 35, asilimia 71, wakashinda kwa 95 kwa 51. Hakuna aliyengoja dakika nzima usiku ule. Mpira ulipita kwa yule aliye huru, naye alipozibwa ukapita tena, na yote hayo yalifanyika ndani ya sekunde chache.