Hongera, Mashirika ya Elimu ya Iowa

Mwaka 1974 Bunge la jimbo la Iowa, Marekani, lilipitisha sheria ya kuunda mashirika ya elimu ya kanda, yanayojulikana kama AEA. Wilaya ndogo ya shule huko mashambani haina uwezo wa kuajiri peke yake mtaalamu wa matamshi, wa usikivu na mwanasaikolojia. AEA huwaajiri, kisha wataalamu hao huzunguka shule hadi shule.

Kazi yao kwa watoto wadogo ndiyo inayonigusa zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu aliyechelewa kutambaa au kusema hufuatwa nyumbani, bila malipo. Mtaalamu huketi sakafuni na mama, akimwonyesha namna ya kumchangamsha mwanawe wakati wa kula, kuoga na kucheza. Ni busara kubwa, kwani mgeni huondoka baada ya muda mfupi, mama ndiye anayeshinda na mtoto.

Mwaka 2024 sheria mpya ya jimbo ilibadili mgawo wa fedha za AEA. Wataalamu wanaoendelea na kazi hii licha ya mabadiliko hayo wanastahili heshima.

Wazazi mnaozungumza Kiswahili katika miji ya Iowa kama Des Moines na Cedar Rapids, mkiona mtoto anachelewa, msione haya. Ombeni AEA apimwe mapema, na mdai mkalimani.